Bwana Mdogo na Boi Mzee: Utoto, Ubaguzi wa Rangi na Ujasiri katika Riwaya ya Harper Lee

Riwaya ya To Kill a Mockingbird ilichapishwa nchini Marekani tarehe 11 Julai 1960. Mwandishi wake, Harper Lee, alikuwa na umri wa miaka 34 na hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1962 ikatoka filamu iliyompatia mwigizaji Gregory Peck tuzo ya Oscar. Na tangu wakati huo kitabu kimesomwa shuleni na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Jina lake linatokana na ndege wa Marekani mwenye tabia ya kuiga milio ya ndege wengine. Katika riwaya inaelezwa kwamba ni dhambi kumwua ndege huyo, maadamu hali mazao ya mtu wala hamdhuru yeyote, na kazi yake ni kuimba tu.

Wahakiki wanaoijadili riwaya hii aghalabu huanza na Atticus Finch, wakili Mzungu anayemtetea mtu Mweusi aliyesingiziwa kosa la kubaka. Kuna sababu za kufanya hivyo, na zitafikiwa. Hata hivyo, msomaji aliyelelewa katika Kiswahili hukutana na jambo jingine kabla hajafika mahakamani. Jambo hilo ni namna watu wanavyoitana. Kwa Mswahili, kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu, bila Mzee, Bwana, Bi, Mama Fulani au Maalim, ni kumvua nguo hadharani. Katika mji wa Maycomb, mji wa kubuniwa ulioko Alabama, kuna watu wazima wengi ambao hawana nguo hiyo kabisa, na kuna watoto wadogo ambao wameshavikwa.

Msimulizi ni Jean Louise Finch, aitwaye Scout, ambaye hadithi inapoanza mwaka 1933 hajatimiza miaka sita. Kaka yake, Jem, anamzidi kwa miaka minne hivi. Mama yao amefariki, nao wanalelewa na baba yao, Atticus, pamoja na mpishi Mweusi aitwaye Calpurnia. Kila majira ya joto huja rafiki yao, Dill, mtoto wa umbo dogo na uongo mwingi, ambaye Lee alimchora kwa kumwangalia jirani yake wa utotoni, Truman Capote, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu. Nusu ya kwanza ya kitabu imejaa michezo ya watoto hawa, hasa njama zao za kumtoa nje jirani aliyefungiwa nyumbani kwa miaka mingi, Boo Radley. Wako wasomaji wanaoona kwamba nusu hiyo imerefushwa mno. Lakini ndiyo nusu inayoonyesha shule halisi ya watoto hao: barabara yao, jiko lao na majirani zao.

Watoto hawa humwita jirani yao Mzungu Miss Maudie, kwa heshima. Calpurnia, aliye mkubwa kuliko baba yao, aliyewafundisha tabia njema na kumfundisha Scout kuandika, huitwa kwa jina lake, na mara nyingi kwa kifupi chake, Cal. Hakuna anayekusudia kumtukana. Atticus anamheshimu, na dada yake, Alexandra, anapotaka Calpurnia aachishwe kazi, Atticus anakataa katakata. Hata hivyo desturi ya kuitana imekwisha kupanga viti vya watu wote. Kisha Jem anapofikia umri wa miaka 12, Calpurnia anaanza kumwita Bwana. Hilo ni tukio la sentensi chache, na msomaji mwenye haraka hulipita. Kwa mtaalamu wa lugha, hapo pana historia nzima ya Kusini mwa Marekani. Mwanamke aliyemlea mtoto tangu utotoni anatambua, bila kuambiwa na mtu, kwamba siku imefika ya kumpandisha cheo mtoto huyo juu yake mwenyewe.

Desturi hiyo haikubuniwa na mwandishi. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865 na majaribio ya kuleta usawa kuvunjwa katika miaka ya 1870, majimbo ya Kusini yalijenga upya utawala wa rangi kwa sheria na kwa mazoea. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 iliwanyang'anya Weusi kura kwa kodi ya kupiga kura, kwa mtihani wa kusoma na kwa masharti mengine; iliamuru shule zitenganishwe; na ilipiga marufuku ndoa baina ya Weusi na Wazungu. Kifungu hicho cha ndoa kiliondolewa kwenye katiba kwa kura ya wananchi mwaka 2000 tu, ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kukibatilisha mwaka 1967. Mazoea ya kuitana hayakuandikwa katika katiba, kwa sababu hayakuhitaji. Mwanamume Mweusi aliitwa mtoto wa kiume, kwa neno lilelile la Kiingereza lililozaa neno la Kiswahili "boi", mpaka alipoota mvi. Akisha kuzeeka aliitwa mjomba. Mwanamke aliitwa kwa jina la kwanza, kisha shangazi. Hapakuwa na siku katika maisha yao ambapo wangeitwa Bwana au Bibi na mtu Mweupe.

Msomaji wa Afrika Mashariki haendi mbali kutafuta mfano. "Boi" wa enzi ya ukoloni angeweza kuwa mwanamume wa miaka 50, mwenye wake na wajukuu, na huku akimwita mtoto wa mwajiri wake "bwana mdogo". Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1956, ilipotafsiriwa kwa Kiswahili iliitwa Boi tu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Wala si haki kusema kwamba jambo hili lililetwa na Wazungu peke yao. Lugha ya pwani ilikuwa na njia yake. Mjakazi aliitwa kijakazi, na mtwana akaitwa kitwana. Kiambishi cha udogo, ki-, kilifanya kazi ambayo kwa Kiingereza ilifanywa na neno zima. Mtumwa mtu mzima alipunguzwa kwa silabi moja. Hata salamu ya shikamoo, ambayo kwa maelezo yaliyozoeleka imetokana na kushika miguu, leo hutolewa kwa umri na si kwa daraja, na mabadiliko hayo ni sehemu ya historia ya jamii yetu inayostahili utafiti wa peke yake. Nchini Tanzania chama tawala kilipoeneza neno "ndugu" kwa wote baada ya uhuru, kilikuwa kinajaribu kutibu jeraha lilelile.

Calpurnia ana jambo jingine la kumvutia mwanaisimu. Sura ya 12 ya riwaya inasimulia siku alipowapeleka watoto katika kanisa lake. Huko Scout anamsikia akisema Kiingereza cha Weusi wenzake, tofauti kabisa na kile anachosema jikoni kwa akina Finch. Mtoto anashangaa na kuuliza kwa nini mtu anayejua kusema vizuri aseme vibaya. Calpurnia anamjibu, kwa ufupi, kwamba kusema Kizungu mbele ya watu wake kungekuwa kujikweza, na kwamba watu hawapendi kuwa na mtu anayejitia kujua kuliko wao. Miaka ya 1960 na 1970, wanaisimujamii wa Marekani waliandika kurasa nyingi kuthibitisha kwamba Kiingereza cha Weusi kina kanuni zake kamili na si makosa ya watu wasiosoma, na kwamba mzungumzaji hubadili msimbo kulingana na hadhira. Calpurnia analijua hilo kwa vitendo. Katika kanisa hilohilo ni watu wachache mno wanaojua kusoma, hivyo mwanawe, Zeebo, husoma kila mstari wa wimbo kwa sauti na waumini huuimba baada yake. Scout, kwa upande wake, siku ya kwanza shuleni aligombezwa na mwalimu kwa kosa la kujua kusoma kabla ya wakati. Lee anaweka matukio hayo mawili bila kuyaeleza. Msemo wetu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu unamfaa Scout, ila ulimwengu wenyewe una jina: Calpurnia.

Kesi inakuja katika majira ya joto ya 1935. Tom Robinson, kibarua Mweusi wa miaka 25, mwenye mke na watoto watatu, ameshtakiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana Mzungu fukara kuliko wote mjini. Ushahidi wa mashtaka ni maneno matupu ya Mayella na ya baba yake, Bob. Hakuna daktari aliyeitwa. Majeraha ya Mayella yapo upande wa kulia wa uso, yaani yalitokana na mkono wa kushoto. Baba yake huandika kwa mkono wa kushoto. Na mkono wa kushoto wa Tom ulinyofolewa misuli na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto, haufanyi kazi. Hayo hubainishwa waziwazi, na jaji anayaona, na watu wote wanayaona.

Lakini kesi inaendeshwa pia kwa majina ya kuitana. Atticus anapomwita Mayella kwa heshima anayostahili mwanamke yeyote Mzungu, Mayella anakasirika. Anadhani anadhihakiwa, kwa sababu katika miaka yake 19 hakuna aliyemwita hivyo. Kisha mwendesha mashtaka, Gilmer, anamhoji Tom. Anamwita mtoto kila mara, kwa sauti ya dharau. Hapo Dill anaanza kulia, asiweze kunyamaza, mpaka Scout analazimika kumtoa nje. Scout anamtuliza kwa hoja aliyofunzwa na mji wake: huyo, hata hivyo, ni mtu Mweusi tu. Dill anajibu kwamba hilo halimhusu, kwamba si haki kumfanyia mtu hivyo. Watoto hao wana umri unaokaribiana. Mmoja amekwisha kuisikia dharau kama sauti ya kawaida ya dunia. Mwingine bado masikio yake hayajaizoea. Ni mahali pachache katika fasihi ya karne ya 20 ambapo mafunzo ya ubaguzi yameonyeshwa yakiwa nusu njia namna hii.

Anguko la Tom nalo limo katika neno. Anapoulizwa kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi za nyumbani bila malipo, anajibu kwamba alimwonea huruma. Ukumbi unatulia kwa ubaya. Mfasiri wa Kiswahili hapa ana bahati ambayo wafasiri wa lugha nyingi hawana. Huruma, katika matumizi yetu ya kila siku, huteremka: Mungu humhurumia mja, mzazi humhurumia mtoto, tajiri humhurumia maskini. Aliye chini humsikitikia aliye juu, au humwombea. Tom anapotumia neno la kuteremka kumhusu mwanamke Mzungu, amepanda ngazi ambayo Alabama haikumruhusu kuikanyaga, na wazee wa baraza hawasikii tena habari za mkono wala za majeraha. Wanakaa saa kadhaa, kisha wanamtia hatiani. Baadaye Tom anapigwa risasi 17 na walinzi wa gereza, kwa maelezo kwamba alijaribu kutoroka.

Maneno "wazee wa baraza" yaliyotumika hapo yanahitaji maelezo, kwa kuwa hayafai kabisa. Kiswahili hakina neno lililokubalika na wote kwa raia 12 wa Kimarekani wanaoamua hatia ya mshtakiwa. Wengine husema juri, wengine baraza la mahakama. Upungufu huo si wa lugha. Nchini Kenya wakati wa ukoloni, haki ya kuhukumiwa na juri ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akikaa pamoja na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni na jaji hakulazimika kuyafuata. Neno halikuingia kwa sababu kitu chenyewe hakikumfikia mzungumzaji wa lugha. Alabama ilikuwa na hali ya kinyume chenye matokeo yaleyale: juri lilikuwapo kwa kila mtu, ila waliokaa ndani yake walikuwa wanaume Wazungu. Wanawake wa Alabama, hata Wazungu, hawakuruhusiwa kukaa humo mpaka mwaka 1966.

Wasomi wengi hulinganisha kesi ya Tom na ile ya Scottsboro, na ulinganisho huo una msingi. Tarehe 25 Machi 1931, garimoshi la mizigo lilisimamishwa Paint Rock, Alabama, na vijana Weusi tisa wakakamatwa. Wanawake wawili Wazungu waliokuwa ndani ya garimoshi hilo, Victoria Price na Ruby Bates, walidai wamebakwa. Kesi zilianza tarehe 6 Aprili katika mji wa Scottsboro, siku 12 tu baada ya kukamatwa, na katika siku nne vijana wanane walikuwa wamehukumiwa kifo. Wa tisa, Roy Wright, alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Upande wa mashtaka wenyewe uliomba kifungo cha maisha kwa ajili ya utoto wake; baadhi ya wajumbe wa juri wakang'ang'ania kifo, na kesi yake ikavunjika kwa kukosa muafaka. Ulimwengu uliwaita wote "watoto wa Scottsboro". Ajabu ya jina hilo ni kwamba lilikuwa kweli na uongo kwa wakati mmoja. Wengine kati yao walikuwa watoto hasa, na mahakama haikuwahesabu kuwa watoto. Wengine walizeeka wakiitwa hivyo. Mwezi Machi 1932 Mahakama Kuu ya Alabama ilimpa Eugene Williams kesi mpya kwa kukiri kwamba alikuwa chini ya umri, na ikathibitisha vifo vya wengine. Mama yao Andy na Roy, Ada Wright, alizunguka Ulaya mwaka huo akiwaombea wanawe mbele ya mikutano ya hadhara.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliingilia mara mbili: mwaka 1932 iliamua kwamba washtakiwa walinyimwa haki ya kuwa na wakili wa kweli, na mwaka 1935 kwamba kuwaondoa Weusi katika orodha za juri kulivunja katiba. Katikati ya maamuzi hayo kuna kisa ambacho kinapaswa kusomwa sambamba na riwaya. Jaji James Horton aliendesha kesi ya pili ya Haywood Patterson mjini Decatur mwaka 1933. Ruby Bates alifika mahakamani akakana madai yake ya awali. Juri likamtia Patterson hatiani hata hivyo. Tarehe 22 Juni 1933 Horton aliifuta hukumu hiyo, akieleza kwa kirefu kwamba ushahidi, pamoja na ule wa daktari, haukuunga mkono madai ya Price. Mwaka 1934 alishindwa uchaguzi wa kurudi kitini, na hakuwa jaji tena. Patterson alihukumiwa upya na jaji mwingine. Mashtaka dhidi ya vijana wanne yaliondolewa mwaka 1937. Clarence Norris alisamehewa mwaka 1976. Na watatu wa mwisho walisamehewa mwaka 2013, wote wakiwa wamekwisha kufa.

Kulikuwa pia na kesi iliyo karibu zaidi na nyumba ya mwandishi. Lee alizaliwa mwaka 1926 mjini Monroeville. Baba yake, Amasa Coleman Lee, alikuwa wakili, mbunge wa jimbo na mhariri wa gazeti la Monroe Journal. Mwaka 1919 aliwatetea wanaume wawili Weusi walioshtakiwa kwa mauaji. Wakanyongwa, naye hakuchukua tena kesi ya jinai. Katika miaka ya 1933 na 1934 mtu Mweusi aitwaye Walter Lett alihukumiwa kifo karibu na mji huo kwa madai ya kumbaka mwanamke Mzungu. Raia kadhaa waliandika kumwombea, na gavana akabadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Lakini kusubiri kunyongwa kulikuwa kumemvuruga akili, na mwaka 1937 akafa kwa kifua kikuu. Hakuna aliyempiga risasi. Mwisho wake ulikuwa wa kimyakimya kuliko wa Tom, na pengine ndiyo sababu riwaya haikuuchukua.

Fasihi ya Kiswahili ina kesi yake mashuhuri. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, miaka tisa kabla ya riwaya ya Lee. Karama ameshtakiwa na Majivuno kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria, na anajitetea kwa siku sita kwa kusimulia mikasa ya wajumbe sita waliotumwa pande zote na kurudishiwa mateso kwa utumishi wao. Mfalme anasikia, na mwishowe Karama na wajumbe wanaachiliwa. Wahakiki wamezoea kuiona Kusadikika kama picha ya utawala wa kikoloni iliyovishwa nguo ya ngano, nao hawakukosea. Tofauti kubwa ya vitabu hivi iko katika kinywa. Karama hana wakili. Anajisemea, na maneno yake ndiyo yanayomwokoa. Tom ana wakili hodari, anapewa sura moja ya kusema, na neno lake la kweli kabisa ndilo linalomwangamiza. Shaaban Robert, karani Mwafrika wa serikali ya kikoloni, aliandika mahakama ambamo mnyonge anaweza kushinda kwa hoja. Lee, binti wa wakili Mzungu, aliandika ambamo hawezi. Yamkini kila mmoja aliandika kile ambacho wasomaji wake walihitaji kukisikia.

Hapa ndipo swali la ujasiri linapokuwa gumu. Riwaya yenyewe inatoa fasili yake mahali pasipotarajiwa. Bi Dubose, kikongwe mbaguzi anayewatukana watoto kwa sababu baba yao anamtetea mtu Mweusi, anakufa baada ya kupambana na uraibu wa mofini, na Atticus anawaambia wanawe kwamba huyo ndiye mtu jasiri kuliko wote aliopata kuwajua. Ni uamuzi wa kishujaa wa mwandishi kumpa adui sifa hiyo. Lakini ni vigumu kutoona kwamba Tom, aliyesimama kizimbani na kukataa kusema uongo uliompendeza kila mtu, hapewi neno hilo. Tangu miaka ya 1990 wapo wanasheria na wahakiki waliouliza kama Atticus si mtu mwema mno kwa mfumo mwovu: anamtetea Tom kwa sababu jaji amempa kesi, anawaombea radhi majirani zake mbele ya watoto, na hajawahi kudai roshani ya Weusi pale mahakamani ifutwe. Mwaka 2015, Go Set a Watchman ilipochapishwa, ikiwa ni andiko la Lee lililotangulia riwaya hii, wasomaji walimkuta Atticus mzee akihudhuria mkutano wa Wazungu waliopinga usawa. Wengi waliumia. Hawakuwa na sababu ya kushangaa sana. Upole wa Atticus wa mwaka 1935 hauna mahali ambapo Calpurnia anaitwa Bibi.

Ujasiri wenye nguvu zaidi katika riwaya ni wa mtoto, na silaha yake ni salamu. Usiku kabla ya kesi kundi la wanaume linafika jela kumtoa Tom na kumwua. Scout anajipenyeza katikati, anamtambua mmoja wao, anamsalimu kwa jina na cheo chake, na kumwuliza habari za mwanawe anayesoma naye. Bwana Cunningham anainamisha kichwa, kisha anawaambia wenzake waondoke. Mji uliowafunza watoto nani aitwe nani umenaswa na adabu yake wenyewe. Lakini mtoto huyo ni Mzungu. Watoto Weusi wa Maycomb hawana sauti; binti mdogo wa Tom anaonekana kwa mbali, akishushwa ngazi kwa mkono na Atticus aliyekuja kuleta habari za kifo. Alabama ya kweli iliwajua watoto wengine. Claudette Colvin alikuwa na umri wa miaka 15 alipokataa kuondoka kwenye kiti chake cha basi mjini Montgomery, mwezi Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Mwezi Mei 1963 wanafunzi kwa maelfu waliandamana Birmingham wakakabiliwa na mbwa na maji ya mabomba ya zimamoto, na mwezi Septemba mwaka huohuo bomu liliwaua wasichana wanne kanisani, mdogo wao, Denise McNair, akiwa na miaka 11.

Mwaka huo wa 1963, filamu ya riwaya ikiwa bado inaonyeshwa, mwanaharakati Mweusi aitwaye Mary Hamilton alisimama kizimbani Gadsden, Alabama, baada ya kukamatwa kwa kuandamana. Mwendesha mashtaka alimwita Mary. Hamilton alisema hatajibu mpaka aitwe kwa adabu, kama mashahidi Wazungu walivyoitwa. Jaji alimwamuru ajibu; akakataa; akapewa siku tano jela na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Mahakama Kuu ya Alabama iliafiki. Kesi ilipofika Washington, tarehe 30 Machi 1964, Mahakama ya Juu iliifuta adhabu hiyo kwa maneno machache, bila hata kusikiliza hoja za mdomo. Haikueleza chochote kuhusu majina. Ilitaja tu uamuzi wake wa mwaka mmoja nyuma katika kesi ya Johnson dhidi ya Virginia, ya kijana Mweusi aliyeadhibiwa Richmond kwa kukataa kukaa upande wa ukumbi wa mahakama uliotengewa watu wa rangi yake, kiti cha namna ileile ambacho Mchungaji Sykes, pale Maycomb, aliwatafutia watoto wa Finch kwenye roshani, na ambako yeye, mzee na mchungaji, alimwita Scout wa miaka minane kwa cheo cha Bibi alipomwambia asimame, kwa kuwa baba yake alikuwa anapita.